Tafsiri Rasmi ya Uanime

Hii ni hadithi ya nchi ya jirani. Kwetu mambo kama haya hayatokei, na yakitokea tutatangaziwa na wahusika. Ni jirani yupi, msomaji asiulize. Mipaka yetu ni mingi na majirani ni wepesi wa kununa.

Katika nchi hiyo Waziri wa Utulivu wa Vijana, Mheshimiwa Ponsiano Lugwasha, alikuwa akipita mitaani kukagua utulivu. Akafika penye kibanda cha gemu, akakuta vijana wamejazana mbele ya runinga, na ndani ya runinga watu wawili wanapigana. Mmoja aliruka, na kabla hajatua akaruka tena, akakimbia angani kana kwamba yuko barazani kwake, kisha akamshukia mwenzake kwa teke. Vijana wakashangilia. Waziri hakupenda, maana siku nzima hakuwa amefanya jambo lolote la kushangiliwa. Akauliza kwa sauti ya kiserikali, "Hiki ni kitu gani?"

"Gemu la anime, mzee," akajibu kijana mmoja bila kugeuza shingo.

Waziri hakujua kwamba anime ni katuni za Kijapani. Lakini katika nchi hiyo waziri haulizi mara mbili, kwa sababu swali la pili ndilo linaloonyesha kwamba jibu la kwanza halikueleweka. Alitikisa kichwa kama mtu anayezijua habari hizo tangu utotoni, akaingia garini, na kesho yake Bunge likapitisha Sheria ya Kupiga Marufuku Michezo ya Kupigana ya Mtindo wa Anime. Chama tawala kiliunga mkono bila kujua kinaunga mkono nini. Upinzani ulipinga bila kujua unapinga nini. Wazee wa nchi wakasema hawajawahi kuona Bunge lenye umoja namna ile.

Sheria ilisema kwamba gemu lolote la mtindo wa anime litasagwa na greda, hadharani, pamoja na mashine zake. Haikusema mtindo huo ni upi. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini aliye wizarani huundiwa kamati, na kamati ikaundwa chini ya Ndugu Melkiori Sengo, Mwainishaji Mkuu wa Bodi ya Michezo.

Melkiori alikuwa amepanda vyeo kwa kipaji kimoja tu: aliweza kuandika sentensi ndefu isiyosema kitu. "Suala hilo linafanyiwa kazi kwa kadiri ya hali itakavyoruhusu" ilikuwa ya kwake. Wizara nyingine zilikuja kumwazima. Inasemekana aliwahi kuandika taarifa nzima kuhusu daraja lililoanguka, na aliyeisoma hadi mwisho hakujua kama daraja lilikuwepo. Kwa sentensi hizo alimsomesha binti yake, Leokadia, akamzika mkewe, akajenga nyumba yenye geti.

Sasa balaa lilikuwa hapa. Kibanda alichokiona Waziri kilikuwa cha Leokadia. Gemu lile pia lilikuwa lake. Hakulinunua, alilitengeneza mwenyewe kwa miaka, baada ya kuacha kazi ya benki ambayo baba yake alimtafutia kwa kupiga magoti. Aliliita Vumbi Juu. Melkiori alikwenda kwa Katibu wa Bodi kueleza kwamba ana maslahi binafsi katika shauri hili.

"Hongera," akasema Katibu. "Mtu asiye na maslahi binafsi angefanyaje kazi kwa moyo?"

Kamati ikaketi. Profesa mmoja wa sanaa akafungua kwa hoja kwamba uanime uko machoni, kwamba mpiganaji wa anime ana macho makubwa kupita kiasi. Hoja ikapendwa kwa kuwa macho yanapimika. Rula zikaletwa, wapiganaji wa Vumbi Juu wakapimwa kwenye runinga, macho yakaonekana kweli yamezidi. Wakili Stamili Ngao, mama wa makamo ambaye alilipwa na Bodi ili kuiona hatari kabla haijafika, akatoa noti kwenye mkoba wake, akaiweka mezani. Kwenye noti ilikuwemo picha ya Mkuu wa Nchi, na mchoraji, kwa mapenzi yake, alikuwa ameyakuza macho ya Mkuu ili yawaone wananchi wote. Rula zikarudishwa kabatini.

"Basi nywele," akasema profesa. "Nywele za zambarau, zimesimama zenyewe."

"Profesa hukuwepo kwenye harusi ya Jumamosi," akasema Wakili Ngao. "Mke wa Waziri alikaa meza ya mbele."

Nywele nazo zikaachwa. Kwa kuwa sura ilikuwa imewashinda, wakamwita mtengenezaji mwenyewe aje kuwaeleza. Leokadia aliingia na vumbi la kibandani kwenye viatu, akawaamkia wajumbe wote, hata baba yake, ambaye aliitikia marahaba akitazama dari.

"Mnatafuta kwenye sura ndiyo maana hampati," alisema. "Kuna gemu lina watu wenye macho kama visahani na wala si la anime. Wanatembea, wanatupiana ngumi, basi. Na kuna lingine watu wake wamechorwa kama picha za kitambulisho, lakini likichezwa dakika moja kila kijana atakwambia hili ni la anime. Jina linatokana na uchezaji. Hewani pana njia. Unaruka, unaruka tena juu ya kule kuruka, unabadili mwelekeo kabla hujatua."

"Endelea," profesa akasema, akiandika.

"Mapigo yanafuatana. Ukishampata mtu unamnyanyua, unampiga mfululizo, anabaki ananing'inia tu, hana la kufanya. Ndiyo kombo hiyo. Halafu kila mpiganaji ana sheria zake peke yake. Huyu anafuga nyuki, yule hawezi kurudi nyuma, mwingine akipiga anajiumiza. Usipozijua sheria za mwenzako, umekwisha. Na wengi wanalitaja pigo lao kwa sauti kabla hawajalipiga."

Melkiori alimsikiliza binti yake na kifua kikamjaa fahari, jambo ambalo haliruhusiwi kikaoni. Ila alimwona Wakili Ngao amefumba macho. Leokadia alipotoka, wakili akayafumbua.

"Ndugu wajumbe. Kubadili mwelekeo kabla ya kutua. Baraza letu la Mawaziri lina wangapi waliochaguliwa kwa chama kimoja wakaapishwa kwa kingine?"

Sifa hiyo ikafutwa.

"Kumpiga mtu mfululizo hali ananing'inia. Tungemwomba kiongozi wa upinzani atueleze inavyokuwa, lakini huko aliko haruhusiwi wageni."

Ikafutwa. Ile ya kila mtu kuwa na sheria zake peke yake ilifutwa kimyakimya, bila hata wakili kukohoa. Profesa alijaribu kuitetea ya mwisho. Kulitaja pigo kabla ya kulipiga, alisema, kuna ubaya gani? Wakili Ngao akamwuliza kama anajua uwanja wa ndege wa Kaskazini umezinduliwa na mawaziri wangapi mpaka sasa. Profesa alitoka Kaskazini. Alijua kwamba pale uwanjani ng'ombe wa mjomba wake wanapata malisho mazuri sana. Mchana ulipofika, tafsiri ya uanime haikuwa na neno hata moja, na wajumbe wakala wali na kuku kwa amani.

Katibu wa Bodi ndiye aliyepata ufumbuzi, kati ya paja na kidari. Lifanyike jaribio la vitendo, Waziri mwenyewe akiwa mgeni rasmi. Mheshimiwa akilicheza gemu akashinda, basi gemu ni la kizalendo na litapewa kibali. Akishindwa, ni la anime, greda liitwe. Kwa kuwa katika nchi hiyo hakuna waziri aliyewahi kushindwa, kila mtu aliona njia hiyo haina hatari. Kilichobaki ni kumpata mpinzani, na hapo wote wakamgeukia Melkiori, mtu ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kumshinda yeyote.

Jioni hiyo Melkiori alirudi nyumbani akiwa na furaha. Alimkuta Leokadia anapakua ugali na dagaa, akamweleza habari zote kabla hata ya kunawa.

"Nitakaa tu, mama. Sitagusa kitu. Atanipiga, litapewa kibali, tumemaliza."

Leokadia alisita na mwiko mkononi. "Na asipoweza kukupiga? Yule mzee hajawahi kushika pedi ya kuchezea gemu."

"Huwezi kulirahisisha kidogo? Punguza hayo mambo ya kuruka."

"Nikitoa kuruka, baba, watabaki watu wawili wanasukumana kama foleni ya benki. Nimeshatoka huko." Akaketi. "Hebu niambie kitu kimoja. Wewe mwenyewe unalionaje? Ni zuri au ni baya?"

"Suala hilo lina pande nyingi, mwanangu."

"Nimekuuliza mimi, sio Bodi."

Melkiori akafungua kinywa. Neno lilikuwepo, alilisikia kabisa kooni, lakini mbele yake zilipanga foleni sentensi za miaka yote, kila moja ikidai ipite kwanza. Akasema kwamba maoni yake yatatolewa wakati mwafaka. Leokadia alikula matonge mawili, akainuka, akaenda kuosha vyombo. Melkiori alibaki mezani na aibu ambayo hakuwahi kuionea hata daraja lile.

Siku ya jaribio, bendi ya Wizara ilijipanga nje ya kibanda, na ndani wakaingia wakubwa wote waliotosha. Mbele ya runinga palikuwa na viti viwili vya plastiki. Nyuma ya viti, vijana na watu wazima wa mtaa ule walisimama kwenye foleni yao ya kila siku, maana hakuna aliyewaambia waondoke. Ieleweke kwamba vibanda vya gemu vina desturi moja ambayo haikuandikwa popote wala haijawahi kuleta ugomvi. Aliyepigwa anapisha. Anainuka, aliye mbele kwenye foleni anakaa, mchezo unaendelea. Diwani wa kata alishawahi kuinuka. Imamu na katekista walishapishana.

Waziri akaketi, akaoneshwa wapiganaji achague. Alimchagua Jenerali Radi, kwa sababu alikuwa na medali nyingi. Sheria ya Jenerali Radi ilikuwa hii: alikuwa na ngurumo ya kutikisa runinga nzima, lakini ngurumo isiyompata mtu ilimla yeye mwenyewe uhai. Leokadia alisogea amweleze. Mlinzi akamzuia kwa kiwiko, maana waziri haelekezwi, huelekeza.

Mchezo ukaanza. Melkiori aliweka pedi mapajani, akakunja mikono. Mpiganaji wake, mama mfuga nyuki, akasimama kando akipumua. Waziri akabonyeza kitufe cha kwanza kilichopatikana, na Jenerali Radi akanguruma. Bendi ikapiga tarumbeta. Waziri akatabasamu, akabonyeza tena. Aliipenda ile sauti. Mfuga nyuki alikuwa mbali, upande wa pili wa kioo, na ngurumo hazikumfikia hata moja, lakini Waziri hakuwa na haja ya kumfikia mtu. Miaka yote alikuwa akihutubia hivyo. Alinguruma na kunguruma, na juu ya kioo mstari wa uhai wake ukapungua, ukawa mwekundu. Melkiori aliuona. Alitamani kumsogeza mfuga nyuki wake karibu apigwe, lakini hakujua kitufe cha kutembea ni kipi. Jenerali Radi akanguruma kwa mara nyingine, akaanguka chali. Kioo kikaandika jina la mfuga nyuki, na chini yake: MSHINDI.

Aliyekuwa mbele kwenye foleni ni Chande, mshona viatu, ambaye alikuwa amesimama pale tangu asubuhi. Akasogea, akainama kwa adabu.

"Samahani, Mheshimiwa. Aliyepigwa anapisha."

"Mchezo haujaisha," akasema Waziri.

"Umeisha, mzee wangu."

"Basi muda uongezwe."

"Saa yake haiongezwi, Mheshimiwa," akasema Leokadia.

Waziri alimtazama kwa huruma, kama amtazamavyo mtoto ambaye hajafundishwa Katiba. Akakishika kiti kwa mikono miwili, akakaa. Chande akasimama. Foleni ikasimama. Wakubwa wakatazama viatu vyao, na vingi vilikuwa vimeshonwa na Chande. Ikapita muda wa kuivisha maharage. Mwisho kiongozi wa bendi, mtu mwema asiyependa kuona mkubwa akiaibika, akaona njia ya kuiondoa fedheha ile ni muziki, na muziki uliomjia kichwani ulikuwa wimbo wa taifa.

Katika nchi hiyo anayebaki ameketi wimbo wa taifa ukipigwa hufungwa jela. Sheria hiyo aliileta Bungeni Mheshimiwa Ponsiano Lugwasha. Basi akainuka, kila mtu akakakamaa, beti zote zikapigwa mpaka ule ubeti ambao hakuna anayeukumbuka maneno. Waziri alipojishusha ili aketi tena, alikuta kiti kina Chande.

Hakupiga kelele. Ilikuwa mbaya zaidi, kwani alitabasamu kama mtu aliyeona mwanga.

"Sasa nimeelewa uanime ni nini," alisema. "Mtu akishindwa, ainuke. Huu ndio ugonjwa wenyewe. Leo ni gemu, kesho watataka wapi tena? Huu si utamaduni wetu. Andikeni hivyohivyo, jioni nataka kutia saini."

Kamati ikarudi kikaoni, Melkiori akiwa ameshika kalamu. Wakili Ngao alitaka maneno mapana, kwamba gemu la anime ni lile linalomtaka aliyeshindwa kumpisha mwenzake. Melkiori alijua maneno mapana yanavyofanya kazi. Alikuwa ameishi ndani yake kama mtu aishivyo ndani ya koti kubwa. Akaliona greda. Akaona mashine za Leokadia chini ya lile gurudumu. Kwa mara ya kwanza maishani akatafuta neno jembamba, akaandika: "Gemu la mtindo wa anime ni lolote ambalo aliyeshindwa hulazimika kuinuka kitini."

"Kwa nini kitini?" Wakili Ngao akauliza.

"Ndicho alichokiona Mheshimiwa. Tukiandika zaidi ya alichokiona, tutakuwa tunamsahihisha."

Hakuna mjumbe aliyetaka kumsahihisha Mheshimiwa. Saini ikatiwa, na matunda yakaonekana mara moja. Shule za chekechea zilipigwa marufuku kuchezesha watoto mchezo wa kugombea viti, kwa kuwa ulikuwa wa anime kupindukia. Wazee wa drafti waliondolewa kwenye mabenchi. Wa bao waliachwa, maana hukaa mkekani. Wataalamu waliukagua hata uchaguzi mkuu, kwa tahadhari tu, na wakaridhika kwamba tangu nchi ipate uhuru haukuwahi kuwa na chembe ya uanime.

Tangazo likabandikwa kwenye mlango wa kibanda cha Leokadia kama sheria inavyotaka. Alilisoma akiwa na uso mkavu. Akalisoma tena, akaishia kwenye lile neno moja, akacheka peke yake pale mlangoni mpaka muuza chipsi wa jirani akaja kumwangalia kama ni mzima.

Greda lilifika asubuhi, likinguruma, na nyuma yake Wakili Ngao, Melkiori na askari. Wakili akaingia na sheria mkononi, akasimama katikati ya kibanda. Mashine zilikuwa zinawaka. Watu walikuwa wamejaa. Wawili walikuwa wakicheza wamesimama bega kwa bega, na mmoja alipopigwa akasogea tu pembeni, mwingine akashika pedi. Wakili alitazama huku na huku. Akainama akachungulia hata chini ya meza.

"Viti viko wapi?"

"Hatuna viti, mama," akasema Leokadia. "Hapa tunasimama wote."

Wakili akaisoma sheria tena polepole, midomo ikimcheza. Halafu akamgeukia Melkiori.

"Ndugu Sengo, sentensi hii uliiandika wewe."

"Niliiandika mimi," akasema Melkiori, na alishangaa jibu lilivyokuwa fupi.

Wakili Ngao alikunja karatasi zake. Midomo yake ilitaka kucheka lakini cheo kikaizuia. Akatoka na askari wake, na dereva akazima greda. Melkiori alibaki amesimama, akitafuta kwa macho mahali pa kujiegesha. Leokadia akaja mbele yake.

"Leokadia," akasema. "Ni zuri."

"Nini, baba?"

"Gemu lako. Ni zuri sana. Nilikuwa nachungulia dirishani jioni nikitoka kazini. Nilikuwa naona haya kuingia."

Binti yake alifuta uso kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Kisha akamwelekeza kwa kidevu nyuma ya chumba, ambako foleni ilikuwa imefika hadi mlangoni.

"Wanaanzia kule, baba. Hata wewe."

Akaenda kule. Zamu yake ilipofika, Chande alimnyanyua hewani, akampiga mfululizo asitue, na mchezo ukaisha kabla Melkiori hajapata kitufe cha kutembea. Hakuna aliyempigia makofi wala kumwonea huruma. Akampa pedi aliyemfuata, akampisha, akarudi nyuma kabisa, akasimama kwenye foleni nyuma ya dereva wa greda.